Triathloni ya kwanza: ninunue baiskeli yake maalumu, au nifunge vishikio kwenye hii niliyonayo?

GurudumuRefu:
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa safari ndefu, zile za kilomita 200 na 300 zenye muda wa mwisho wa kufika. Sasa nimejiandikisha triathloni (kuogelea, baiskeli, kisha mbio), ndiyo ya kwanza. Nina baiskeli ya kawaida ya barabarani. Hela yangu inatosha jambo moja: baiskeli maalumu ya triathloni, iliyotumika, au vishikio vya kuegemea viwiko vinavyofungwa juu ya usukani, pamoja na magurudumu mapya. Kuna mtu ananishikia hiyo baiskeli mpaka mwisho wa mwezi. Mngechukua ipi?

KapteniPedali:
Mkuu, umeacha yale ya msingi. Umbali gani? Sprinti, ile fupi, ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na 5 za mbio. Ile ya kilomita 1.9, 90 na 21.1 ni habari nyingine kabisa. Halafu, kufuatana nyuma ya gurudumu la mwenzako ili akukinge upepo kunaruhusiwa? Kwenye mashindano yanayoruhusu, kwa kawaida baiskeli ya triathloni haikubaliwi, utakuwa umenunua pambo la ukutani. Soma kanuni kwanza.

MamaKadensi:
Na milima je? Na kuogelea unajua?

Upepo_Mkali:
Chukua ya triathloni, usisite. Bomba la kiti limesimama zaidi, nyuzi 76 hadi 80 hivi, wakati ya barabarani ni kama 73. Unakaa mbele, nyonga zinafunguka, unaweza kuinama bila magoti kugonga tumbo. Ukienda zaidi ya kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, nguvu yako nyingi inaliwa na hewa.

KapteniPedali:
Hewa hiyo inagonga mwili wake kuliko inavyogonga fremu. Kwa hiyo kinachomsaidia ni mkao, na vishikio vinampa sehemu kubwa ya mkao huo. Hoja yako inanisaidia mimi, ndugu.

Upepo_Mkali:
Sehemu kubwa siyo yote. Ukifunga vishikio bila kusogeza tandiko, unajikunja tu.

ViwikoVyangu:
Jamani, kabla hajalipa asikie hili. Niliuziwa baiskeli ya triathloni dukani, nikaambiwa "utaizoea". Fremu ilikuwa ndefu kuliko mimi. Ili viwiko vifike kwenye pedi ilinibidi niteleze mpaka ncha ya tandiko. Mazoezi mafupi yalivumilika. Siku ya kilomita 90, nusu ya njia, shingo iligoma kunyanyuka: naona tairi la mbele na mstari mweupe, basi. Upepo wa pembeni ukaanza kusukuma lile gurudumu lenye rimu pana. Gia ziko kwenye ncha za vishikio, breki ziko chini pembeni, kwa hiyo kila mteremko nahamisha mikono huku baiskeli inayumba. Niliposhuka ili nikimbie, kiuno kilikuwa kimekaza kama ubao. Nilitembea karibu njia yote. Baadaye mpimaji akanionyesha kwamba fremu imezidi saizi mbili. Duka halikutaka kuirudisha.

MamaKadensi:
Pole sana kaka. GurudumuRefu, hiyo unayoshikiwa ni saizi gani? Umeipanda?

GurudumuRefu:
Asanteni. Ni ile ya kilomita 90. Kufuatana hakuruhusiwi, kanuni inasema pengo la mita 12. Njia ina vilima viwili. Baiskeli nimeiona kwa picha tu, muuzaji anasema ni "saizi ya kati".

KapteniPedali:
Saizi ya kati ya nani? Mwombe urefu wa fremu kwenda mbele (reach) na kimo chake (stack) kwa milimita, ulinganishe na yako.

MamaKadensi:
Swali la kuogelea umeliruka tena. Kama hujawahi kuogelea kwenye maji ya wazi kati ya watu wengi, hela ipeleke kwa mwalimu. Mita 1,900 hazina pa kusimama.

Brevet_Usiku:
Kweli. Mimi pia natoka safari ndefu. Paris–Brest–Paris, ile safari ya Ufaransa, ni kilomita 1,200 kwa saa 90, na wengi wanaimaliza kwa baiskeli za kawaida. Kitakachokushangaza ni chakula. Umezoea kusimama, kuketi na kula mkate. Huku unakula ukiwa umeinama, gramu 60 mpaka 90 za wanga kila saa, na bado una nusu marathoni mbele.

Upepo_Mkali:
Jeli za wanga, zile za pakiti. Rahisi.

Brevet_Usiku:
Tumbo langu hukataa jeli baada ya saa mbili. Viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, hivyo navila siku nzima.

Upepo_Mkali:
Viazi kwenye vishikio? Utavishika kwa mkono gani?

GurudumuRefu:
Vilima nitapanda nimeshika usukani wa kawaida, hapo naweza kula. Muuzaji nimemwandikia kuhusu milimita, hajajibu. Brevet_Usiku, hivyo viazi unavifunga kwenye nini visivurugike?