Sakafu ya simiti ya rangi: mlioishi nayo tupeane uzoefu

Mjenzi_Utange
Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Najenga kidogo kidogo pande za Utange, mabati yashapigwa, plasta ya ndani iko mwisho, sasa tumekwama kwa sakafu. Mke wangu ataka taili, habari nyengine hataki kusikia. Mimi nimekulia nyumba ya sakafu nyekundu na moyo wangu uko hapo, halafu kuna fundi amenionyesha kwa simu picha za simiti iliyopakwa tindikali ikawa kahawia yenye mawimbi kama ngozi ya ng'ombe, nkapenda kweli. Lakini picha ni picha. Mlioishi na hizi sakafu zetu za Mombasa, joto, chumvi, masika na kila kitu, tupeane uzoefu, tamu na chungu.

BintiMajengo
Sakafu nyekundu nimeipigia magoti tangu mdogo mpaka naolewa kwa hiyo nisikize mimi kwanza. Jumamosi kwetu ilikuwa kutoa viti vyote barazani, kuosha, kungoja ikauke, kisha unapaka nta na kitambaa, unaiacha kidogo, halafu unasugua na kumbi la nazi lililokatwa nusu, mguu mmoja juu ya kumbi mwengine chini, mbele na nyuma mpaka ujione uso. Ikipakwa nta nyingi ni balaa, nyayo nyekundu, shuka nyekundu, na ami yangu Ijumaa moja alikaa chini na kanzu nyeupe akenda msikitini na duara la rangi nyuma, hakuna aliyemwambia mpaka aliporudi 😂
Ila mwezi wa pili joto likishika godoro twaliacha kitandani twalala chini vivi hivi, hata mkeka hatutandiki. Ule ubaridi sijaupata kwengine. Nyumba ile sakafu ipo mpaka leo, imechubuka mlangoni tu. Taili za nyumba ninayokaa sasa tatu zishapanda juu zenyewe, ukizikanyaga zalia kwa-kwa.

Fundi_Mikindani
Dada asema kweli lakini ile rangi inayoshika kanzu ni ya nta, nta nyekundu ina rangi yake, simiti yenyewe ikikauka sawasawa haimchafui mtu. Paka nta isiyo na rangi uone.

Halafu bro Mjenzi hapo kuna vitu viwili watu huchanganya. Redi oksaidi, ile ya sakafu nyekundu, ni unga, asili yake ni kutu ya chuma, twauchanganya na simiti kavu kabla ya maji kisha twapiga niru, yaani uji mzito wa simiti, juu ya skridi, lile tabaka la mchanga na simiti, ikiwa bado mbichi na kuibana na floti ya chuma mpaka ing'are. Nyekundu, njano, nyeusi, zote ni za chuma ndo maana jua haliziwezi. Kipimo changu ni kilo 2.5 kwa mfuko wa kilo 50, ukitaka kali zaidi panda lakini usipite kilo 5, manake hapo unga umezidi na sakafu inakuwa dhaifu. Na simiti ya chumba kizima ichanganywe na unga mara moja ikiwa kavu, ukienda ndoo kwa ndoo kila ndoo itatoka na rangi yake, nimeitwa kurekebisha sakafu yenye mabaka kama ramani na dawa yake ilikuwa kubomoa.

Tindikali ni jambo jengine. Haikai juu kama rangi ya ukuta, inaingia ndani inakutana na chokaa iliyo kwenye simiti na inageuka hapo hapo. Kwa hivyo rangi zake chache, kahawia, kutu, kijani cha samawati, ukitaka waridi sahau. Simiti iwe imekaa kama siku 28, iwe safi kabisa, tone la mafuta tu hapashiki. Ikishakolea inaoshwa na maji ya magadi kuua ukali, inasuuzwa, inakauka, ndo yapigwa sila, ile dawa ya kuziba juu. Mafundi wengi huruka hapo kwa magadi, wana haraka ya kwenda kazi nyengine.
Na mchanga! Wa ufuoni usikubali hata ukipewa bure. Chumvi yake itatoka juu unga mweupe na utafagia mpaka uchoke.

Mama_wa_Bamburi
Sisi tuna hiyo ya tindikali sebuleni na ukumbini, mwaka wa nne huu. Sitadanganya, hatukuichagua kwa urembo, pesa ya taili iliisha 🙈 Sasa mtu akiniambia niibadilishe twagombana.

Lakini nkueleze makosa. Fundi wa rangi za kuta alitangulia akadondosha matone, hakuna aliyeyaona manake yalikuwa rangi ya simiti simiti. Siku ya tindikali kila tone likajitokeza, madoa madogo kijivu kama ndui. Halafu kulikuwa na ubao wa mafundi ulilala sakafuni wiki mbili simiti ikiwa bado changa, ule ubao tuliutoa zamani lakini kivuli chake kipo mpaka leo katikati ya sebule, umbo kamili na ncha zake, wageni wauliza huu ni urembo wa wapi nami nawaambia ndo mtindo. Hakifutiki. Ukishapaka umepaka, hiyo ndo kitu lazima mkeo ajue, si kama ukuta kwamba mwaka kesho twabadilisha.
Na ufa. Umeanzia kona ya mlango ukaingia ndani kama mita mbili. Fundi mwengine alikuja akasema ilifaa kukatwa mistari mapema simiti ipasukie kwenye mstari, mbona hamkuambiwa. Sasa ningeambiwa na nani.
Raha yake: hakuna ile mistari ya katikati ya taili ya kusugua na mswaki, mchanga wa watoto wafagia mara moja kwisha. Kikombe kikianguka lakini usikitafute, okota vipande.

Kijana_wa_Likoni
Mimi yangu ililia. Nyumba ya chini ya familia, zamani sana, chini hamna karatasi ya nailoni, ni hadkoo, yale mawe ya msingi, na zege tu. Nkapaka rangi nkapiga juu sila ile inang'aa kama kioo, marafiki wakaja kupiga picha wallahi. Masika ya kwanza ikaanza kufanya weupe kwa pembeni, kisha ikavimba malengelenge, kisha inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Maji yapanda kutoka chini yakakuta mlango umefungwa. Niliikwangua mwenyewe wiki nzima nkabaki na nta tu, nta angalau yaacha unyevu utoke. Kabla hujatoa hata shilingi, bandika kipande cha nailoni kwenye slebu, yaani zege la sakafu, na selotepu pande zote nne, acha siku nzima, ukibandua ukakuta jasho chini yake basi sila za kioo sio zako.

Landilodi_Kisauni
Kama ni ya kupangisha weka taili, mpangaji akiingia aangalia chini kwanza halafu choo. Kama ni ya kukaa mwenyewe fanya moyo upendavyo.

Zuu_Tudor
Mbona hamjazungumza wazee? Nyanya yangu aliteleza kwa sakafu iliyopigwa nta, ametoka kutawadha miguu imelowa, nyonga ikavunjika. Tangu siku ile nta haiingii kwetu. Na si maji ya kumwagika peke yake, kuna zile asubuhi za mvua hewa ni nzito, sakafu yenyewe yatoa jasho kwa vile ni baridi kuliko hewa, wakanyaga wahisi utelezi na hakuna aliyemwaga kitu. Tulikuja kupiga sila isiyong'aa yenye chembe chembe kama mchanga mwembamba. Haipendezi sana lakini watu wapo wima. Magoti pia, simiti ni ngumu, ukipika umesimama masaa tandika busati.

Mjenzi_Utange
Nashukuru jamani, nasoma zote. Zuu pole sana kwa nyanya. Na jikoni je? Kuna aliyeweka?

BintiMajengo
Jikoni utajuta. Ndimu, siki, ukwaju wa viazi karai, zote zala simiti. Chini ya meza yetu ya kukatia palikuwa na duara limepauka, laini ukipitisha kidole, na mafuta ya kukaangia yakiingia hayatoki hata ulie.

Fundi_Mikindani
Ni ile chokaa ya ndani tena, asidi yoyote yaila, hata ya ndimu. Jikoni na chooni mpe mama taili zake, sebule na vyumba fanya yako. Na ufanye ile ya nailoni aliyosema kijana wa Likoni, kila chumba usiache hata kimoja.

Mjenzi_Utange
Nimerudi. Slebu ilimwagwa mwaka jana na nailoni iliwekwa chini, nililipa mimi na nkaona ikitandikwa, kwa hivyo nlikuwa na uhakika. Nimebandika vipande vitano juzi jioni, leo asubuhi tumebandua mimi na mke wangu. Sebule kavu. Vyumba viwili vya mbele kavu, ukumbi kavu. Chumba cha nyuma upande wa tangi la maji, chetu cha kulala sasa, matone yamejipanga chini ya nailoni kama sufuria ya wali ukifunua. Sijui iliraruliwa na jiwe wakati wa kumwaga zege ama ni lile tangi lavuja. Nimepiga simu kwa fundi wa msingi, ajibu ati ni umande. Mke wangu hakusema kitu. Amechukua futi ameanza kupima chumba.

Mama_wa_Bamburi
😂😂😂 Mwachie hicho kimoja.