Div one ya 8 ECA, Bcom pale Mlimani napata kweli?

Chipukizi_Namtumbo:
Wakuu habari za jioni. Matokeo ya form six ninayo, ECA, Commerce B, Economics C, Accountancy C, div one ya 8. Nataka Bcom (digrii ya biashara) ya Accounting UDSM, hapo Mlimani. Huyu anasema utapata tu, yule anasema pale wanaingia wenye div one ya 3 na 4, wiki ya pili hii silali vizuri. Naombeni ukweli, sio kutiana moyo.

Ngosha_Mdogo:
Mkuu kigezo cha TCU, tume ya vyuo vikuu, umekivuka mbali, wanataka principal mbili zenye jumla ya 4, na kwa pointi zao, sio zile za divisheni, B yako peke yake ni 4, C ni 3, C ni 3. Ila kuvuka kigezo sio kupata nafasi. Fungua kitabu cha mwongozo, kila kozi imeandikiwa nafasi zake, mkizidi wanaanza na wa juu wanashuka mpaka zijae. Kwa hiyo chansi yako inategemea wenzako wameleta nini mwaka huu.

Mama_Wawili:
Kwani lazima Mlimani? Wangu alikosa, akalia siku tatu hali chakula, nikamwambia baba nyanyuka twende. Akaanza diploma ya uhasibu, akatoka na GPA ya 3.8 na degree wakampokea, wanataka kuanzia 3.0. Sasa hivi anamalizia CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, na wenzake waliomcheka wanamtumia CV. Watoto mnapenda jina la chuo kuliko kusoma.

Babu_wa_Mahesabu:
BAM, ile hesabu ya ziada ya form six, ulipata ngapi? Mtu wa ECA akitaja matatu akairuka BAM namjua.

Chipukizi_Namtumbo:
GS (General Studies) nina C mkuu.

Babu_wa_Mahesabu:
Sijauliza GS.

Chipukizi_Namtumbo:
BAM ni F. Lakini haihesabiwi kwenye divisheni, na walimu ndo walisema nguvu zote ziende kwenye yale matatu. Hesabu ya form four nayo haikukaa vizuri. Ila maombi nishatuma, choice zote Mlimani, Accounting, Finance na Banking. Na div one hii sioni kwa nini nikajaze kwingine.

Babu_wa_Mahesabu:
Sasa ndo tumeanza kuongea. Kwenye divisheni haihesabiwi, kwenye vigezo vya kozi inaangaliwa, BAM au hesabu ya form four. Mimi nimesoma pale tangu inaitwa Faculty of Commerce and Management, hilo jina la Business School limekuja 2008, na hesabu haijawahi kuachwa. Form four ulipata gredi gani? "Haikukaa vizuri" sio gredi.

Ngosha_Mdogo:
Na choice tatu za Bcom chuo kimoja ni sawa na choice moja mkuu, kikwazo kikiwa hesabu kitakugomea zote. Peleka na vyuo vingine, IFM, Mzumbe, CBE, haikupunguzii chansi. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unathibitisha unachotaka.

Kisiki_cha_Mpingo:
Jamani mnapoteza bando. Huyu mwaka juzi alikuwa humu anauza pikipiki, akasema ana watoto wawili. Leo kamaliza form six? Hii chai, tena ya maziwa.

Mama_Wawili:
Eti?? Na mimi nimemwaga habari za mwanangu hapa!

Chipukizi_Namtumbo:
Sio chai. Pikipiki ni yangu na watoto ni wangu. Matokeo ni ya mdogo wangu wa kike, ada nimelipa mimi toka form one baada ya mzee kufariki. Nimeandika kama mimi kwa sababu ukisema "mdogo wangu" watu wanajibu juu juu. Nisameheni, hasa wewe mama.

Babu_wa_Mahesabu:
Umesamehewa. Gredi ya form four?

Chipukizi_Namtumbo:
Nakumbuka kama D au F, ngoja nimpe simu.

Chipukizi_Namtumbo:
Shikamooni, ni mimi mwenyewe mwenye matokeo. Hesabu form four nina C. Kaka anakumbuka ya moko. BAM kweli ni F, na Mlimani peke yake ni yeye alitaka, mimi nilitaka na Mzumbe.

Babu_wa_Mahesabu:
Marahaba binti. C ni habari nyingine kabisa! Fungua kitabu cha TCU, mstari wa Bcom Accounting, soma wameandika gredi gani ya hesabu, uniandikie hapa neno kwa neno. Na Mzumbe jaza leo, kabla dirisha halijafungwa. Simu usimrudishie kwanza.