Raifo mkono wa pili: mtutu wa 1:12 au 1:8 kwa risasi nzito?

Mgosi_TX: Wakuu habari za wikiendi. Nipo Texas, nimepata raifo mbili za bolti (za kukoki kwa mkono) mkono wa pili, moja mtutu umeandikwa 1:12 nyingine 1:8. Ya 1:12 bei iko chini sana na mbao ya kitako chake imetulia balaa. Nataka kupiga risasi nzito, nichukue ipi? Jumamosi nalipia.

FundiBaruti: Mkuu umeuliza tairi bila kutaja gari. Kaliba gani, yaani kipenyo cha risasi? Nzito ni greni (kipimo cha uzito wa risasi) ngapi? Unapiga karatasi au mnyama?

Mgosi_TX: .223 zote mbili. Nguruwe pori shambani kwa shemeji, na kulungu msimu ukifunguliwa. Jamaa kaniambia greni 77 ndo mpango mzima.

FundiBaruti: Basi hiyo 1:12 achana nayo. Maana yake risasi inajizungusha mara moja kila inchi 12, kwa .223 hapo ni greni 55 kushuka chini. 1:9 inafika 69 hivi, 1:8 inapiga 77 bila shida.

BintiShabaha: Uzito hauna kesi hapo jamani, kesi ni urefu. Kipenyo ni kilekile, ukiongeza greni risasi inarefuka, na ikirefuka inataka izungushwe haraka la sivyo inayumba. Mimi nipo California, huku risasi zenye ledi (ile metali nzito) marufuku kuwindia tangu Julai 2019, tunatumia za shaba tupu, na shaba ni nyepesi kuliko ledi kwa hiyo kwa greni zilezile inakuwa ndefu zaidi. Greenhill, mtaalamu wa hesabu wa Uingereza, alishapiga hesabu hii 1879: 150 mara kipenyo mara kipenyo, gawa kwa urefu, unapata zile inchi za mzunguko mmoja. Kasi ikizidi futi 2,800 kwa sekunde watu wanaweka 180 badala ya 150. Chukua ya 55 yenye urefu wa robo tatu ya inchi, kwa 180 inakuja kama 12.

FundiBaruti: Na ya 77 yenye urefu wa karibu inchi moja, kwa 150 yako inakuja 7 na nusu, mbona watu wanaipiga kwa 1:8 kila siku?

BintiShabaha: Fomula ya makadirio hiyo kaka, siyo msahafu.

BabuKondoa: Mwanangu nisikilize mimi. Nilinunua .223 ya zamani dukani, muuzaji akaapa inakula risasi yoyote. Nikaitia 77, yadi 25 safi kabisa. Nikasogeza karatasi yadi 100, matundu yanatoka marefu kama tundu la funguo, risasi inaingia ubavu, nyingine hata karatasi haioni. Nikalaumu skopu (darubini ya kulengea), nikanunua nyingine, nikakaza skrubu zote, nikamlaumu hadi kijana wangu eti anatikisa meza, na asubuhi za baridi ndo ilikuwa vioja. Mzee mmoja pale uwanjani akachukua fimbo ya kusafishia, akaifunga kitambaa cha kubana, akatia alama ya wino, akaisukuma mpaka alama ikazunguka duara moja. Inchi 12! Narudi dukani naambiwa risiti imepitwa na muda.

Mzalendo_Denver: Huyo mzee ni mtu! Na baridi inahusika kweli, hewa inakuwa nzito. Hata M16 za mwanzo, bunduki za jeshi la Marekani, zilikuwa 1:14, risasi zikayumba kwenye baridi kali, jeshi likahamia 1:12. Ila Mgosi, kulungu kwa .223? Huku Colorado chini ya .24 hairuhusiwi. Beba .243 ulale.

FundiBaruti: Kashaanza wa .243.

Mzalendo_Denver: Historia iko upande wangu. 1955 kampuni ya bunduki ya Remington walitoa .244 yao na 1:12, watu wakasema haitabeba greni 100, wapinzani wao Winchester wakaweka .243 na 1:10 wakala soko. 1963 Remington wakaibadili jina ikawa 6mm na 1:9, too late.

Njoro_Arusha: Mbona .375 H&H, ile kaliba ya wanyama wakubwa, ni 1:12 na inapiga greni 300 ananyooka mpaka nyati?

BintiShabaha: Kwa sababu ni nene mkuu. Ukilinganisha na unene wake ni fupi, haihitaji mzunguko wa kasi.

Mgosi_TX: Kwa hiyo 1:8 nikitaka kupiga 55 za bei rahisi zitaharibika?

FundiBaruti: Zinapiga vizuri tu. Zile za ganda jembamba za kuulia panya buku ndo zinaweza kupasuka hewani ukizikimbiza sana. Ila pima kwa fimbo kwanza, mtutu unaweza kuwa ulishabadilishwa.

Mgosi_TX: Muuzaji hataki nipime, anasema maandishi yanatosha. Na ile mbao bado inaniita aisee.

Njoro_Arusha: Hao nguruwe mnawafanyaje? Kitimoto ya porini ngumu au laini?

BabuKondoa: Jike dogo laini. Dume linanuka, mpe shemeji.

Mzalendo_Denver: Mgosi ile 1:12 kama huichukui nitumie inbox, nina kopo zima la 55 hapa.