Mwanasiasa akienda kijijini Haut-Katanga, mkoa wa Kongo (DRC), apeleke nini, mbolea au hesabu za pesa ya madini?

Mwuliza swali, Lubumbashi: Kampeni ya uchaguzi ya 2023 ilianza 19 Novemba, kura ikapigwa 20 Desemba. Huo ndio mwezi wa kupanda mahindi. Fulana na mchele wa wagombea tunavijua. Kijiji kilichokosa bunga (unga wa mahindi) kifikiwe namna gani?

Agronomu: Kwa mbolea, ila ifike Septemba au Oktoba. Hekta moja ya mahindi inataka mbegu kilo 25, magunia manne ya kilo 50 ya NPK (mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu) siku ya kupanda, kisha manne ya urea (mbolea ya nitrojeni), nusu kwenye wiki ya nne, nusu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Lori la tani 20 linatosha hekta 50 tu, kwa hiyo anayeahidi "mbolea kwa teritware (wilaya) nzima" hajapiga hesabu. Lori hilo likiondoka mvua zimeshashika, linalala kwenye matope. NPK ikifika mahindi yamefika magotini haifanyi kazi: fosforasi haitembei udongoni, na udongo wetu wenye asidi huishika. Mkulima anaiuza, halafu mjini tunamwita mvivu.

Mwanasheria: Papa Agronomu, gunia la mgombea ni deni la kura. Mimi ningepeleka hesabu. Kodi ya madini (mrabaha) kwa Sheria ya Migodi ya 2018 inagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% sekta, sheferi au komini (serikali za mitaa, chini ya mkoa) yenye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Mkutano uwe na karatasi tatu mezani: notisi ya malipo ya kampuni, taarifa ya benki ya sekta, na bajeti yake. Tofauti kati ya karatasi hizo ndiyo mazungumzo. Tena isichanganywe na 0.3% ya mauzo ambayo kampuni inatenga kwa jamii za jirani na mgodi. Shule ikijengwa kwa hiyo, mgombea asije kujipigia picha mlangoni.

Mama wa kooperative, Kasenga: Maître, sekta isiyo na mgodi haioni hata faranga ya hiyo 15%. Wavuvi wa mto Luapula watasoma benki ya nani?

Mwanasheria: Kweli, Mama. Kwenu ulizeni 25% ya mkoa. Wa kujibu ni depite (mbunge) wa mkoa, si sefu (mkuu) wa sekta.

Agronomu: Hata penye mgodi, nani atamhoji sefu? Sheria ya 2008 inataka baraza la sekta, lakini 2023 madiwani wa sekta na sheferi hawakuchaguliwa. Karatasi tatu bila baraza ni za kufungia karanga.

Mama wa kooperative, Kasenga: Na zote ziko kwa Kifaransa. Mkutano wetu ni Kibemba na Kiswahili. Anayetaka kuja aanze kwa kutafsiri, halafu aje Agosti, njia bado kavu.