Mwanza ya kwenye mabango na Mwanza tunayoishi, ni moja kweli?

MwanaIgogo: Wakuu habari za jioni. Kila tangazo la Mwanza ninaloliona ni Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani, na jua linazama, basi. Juzi nimepata mgeni toka Dodoma, anataka aijue Mwanza, nikajikuta hilo jiwe hata sikulikumbuka, nikampeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba akaona magunia ya dagaa yanavyopakiwa, tukala sato na ugali, jioni tukapanda zetu Igogo kwa miguu. Alifurahi kweli. Sasa nauliza, mgeni wako akija unampeleka wapi kwanza? Nahisi hapo ndo utajua mtu anauonaje mji wake.

DadaWaKirumba: Mi nampandisha kivuko cha Kamanga, kwenda na kurudi. Ukishafika katikati ya maji ukageuka nyuma unauona mji wote, hospitali ya Bugando kule juu, nyumba zimebebana mlimani, hapo hata mimi mwenyeji moyo unanidunda. Halafu kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, boti dakika chache tu toka mjini, ila watu kibao ninaowajua wamezaliwa hapa na hawajawahi kukanyaga. Tunawatangazia wageni kitu ambacho wenyeji hawajaonjeshwa.

Jabali_Mabatini: Nakaa Mabatini juu kabisa. Ukuta wa jikoni kwetu umeegemea jabali, mama anaanika dagaa juu yake, watoto wanateleza na vipande vya madumu mpaka kaptula zinatoboka. Nalipenda jabali letu kwelikweli. Ila ziwa nalitazama nikiwa mlangoni na maji ya bomba ni ya mgao, yasipotoka ndoo inapanda ngazi za mawe kichwani, na kuchimba shimo la choo kwenye mwamba usiombe. Kwa hiyo anayetutangaza kama Jiji la Miamba aoneshe na watu wanaoishi kwenye hiyo miamba, na maji yapande huku. Mtu akiwa na maji nyumbani ataisifia Mwanza bila kuambiwa.

Mzee wa Nyegezi: Vijana mmenigusa. Amsterdam kule Uholanzi walianzisha kampeni ya kuutangaza mji, I amsterdam (yaani "mimi ni Amsterdam"), 2004, wakaweka herufi kubwa za hayo maneno kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum, kila mtalii lazima apige picha. Desemba 2018 jiji lenyewe likaziondoa pale, madiwani walishalalamika kwamba zinavuta umati mno na kauli yenyewe inamtukuza mtu mmoja mmoja wakati mji ni wa wote. Yaani tangazo lilifanikiwa na bado likawachosha wenyeji. Huku kwetu angalieni daraja la Kigongo–Busisi linalovuka ziwa, kilomita 3, lilivyofunguliwa Juni 2025, status zote kwenye simu yangu zilikuwa daraja tupu. Hakuna aliyewatuma, ni watu waliokaa foleni ya kivuko miaka na miaka, wengine wakiwa na mgonjwa kwenye gari. Kitu kikimgusa mtu anakitangaza mwenyewe.

MwanaIgogo: Shikamoo mzee, hapo kwenye foleni umemaliza. Jabali, naomba Jumamosi nije nipige picha mama akianika dagaa, kama ataridhia, tuanze kuziweka humu wenyewe mtaa kwa mtaa.

Jabali_Mabatini: Karibu sana, nshamuuliza kakubali. Njoo asubuhi lakini, saa sita jabali linaunguza miguu.

DadaWaKirumba: Na mimi naleta za Mwaloni alfajiri, mitumbwi ikiingia.