Tupeane uzoefu: wenye tovuti na mafundi wa tovuti huku Kusini, mlifanyaje kazi pamoja?

Wakuu, habari za wakati huu.

Nipo Mtwara mjini, Shangani. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, mwaka wa saba sasa. Wiki iliyopita alinijia kijana mwenye duka la vifaa vya umeme kule Chikongola, akaniuliza swali ninaloulizwa kila siku: "Kaka, tovuti bei gani?" Nikamuuliza, mtu akiingia kwenye hiyo tovuti unataka afanye nini? Akupigie? Aone bei? Ajue duka liko wapi? Akanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi inaanzia hapo. Nikamwomba akae siku chache, aandike maswali anayoulizwa na wateja wake dukani, halafu arudi.

Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Mteja akishalipa anaona kazi imebaki kwa fundi peke yake. Fundi naye anakaa anasubiri picha na maelezo ambayo hayaji. Hapo ndipo kazi nyingi zinapofia, nami zimenifia kadhaa. Mwenye kisa chake, awe fundi au mteja, akilete.

Naanza na changu. Miaka mitatu iliyopita nilipata kazi ya nyumba ya wageni Mikindani, ya mama mmoja mtu mzima. Alinipa advansi nusu, tukakubaliana kurasa tano. Mimi nilimaliza upande wangu kwa siku tisa: mpangilio, rangi, ramani, kitufe cha kupiga simu. Maelezo na picha nikavisubiri miezi minne. Msimu wa korosho ulikuwa umefunguliwa, mama yuko Newala shambani, kila nikimwandikia ananijibu, "Mwanangu, subiri kidogo." Nilikasirika kwa kweli. Hata kujaza maneno ya kubuni nilifikiria, yale ya "tunatoa huduma bora kwa viwango vya kimataifa".

Aliporudi nikapanda daladala nikamfuata. Shikamoo, marahaba, tukakaa barazani. Sikumwomba aandike chochote. Niliweka simu katikati irekodi, nikamuuliza kama mgeni: mama, nikifika usiku na basi nakufikiaje? Umeme ukikatika inakuwaje? Asubuhi nakula nini? Akawa ananijibu tu. "Umeme ukikatika tuna sola, inavuta taa na feni, pasi haivuti, mwenye shati la kunyoosha anyooshe mapema." Sentensi hiyo niliiweka vilevile. Wageni wakawa wanapiga simu tayari wanajua habari ya pasi, na mama akaniambia ubishi wa mapokezi umepungua. Saa mbili za barazani zilifanya kazi ambayo miezi minne ya meseji haikuifanya.

Ila hatukukubaliana kwenye jambo moja. Mama alitaka fomu ya kuombea chumba imdai mgeni namba ya pasipoti. Nikamwambia hapana, jina, tarehe na simu vinatosha, pasipoti ataiona mgeni akifika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa usiyoihitaji usiikusanye, maana ikivuja wewe ndiye utakayeulizwa. Alininunia siku mbili hivi, kisha akakubali.

Karibuni.

—

Mama Ubanguaji, Masasi

Asante kwa uzi, kaka. Mimi ni mteja, na nilichopata kiliniuma.

Tuna kikundi cha akina mama, tunabangua korosho na kufungasha. Kijana mmoja alitutengenezea tovuti nzuri tu, pamoja na barua pepe zenye jina la kikundi. Tukachapisha pakiti 2,000 zenye anwani hiyo. Mwaka ukaisha, tovuti ikapotea, barua pepe nazo zikafa. Kumbe jina la tovuti alilisajili kwa jina lake na barua pepe yake, na yeye kashahamia Dodoma na namba kabadilisha. Taarifa za kulipia zilikuwa zinaenda kwake miezi yote, sisi hatuna habari. Kuna mnunuzi alituandikia akiulizia mzigo, hatukumwona mpaka alipotutafuta kwa njia nyingine, msimu ukiwa umepita.

Simwiti mwizi yule kijana. Sisi hatukuuliza na yeye hakusema. Tulianza upya na jina lingine, tukakaa chini tukibandika stika kwenye pakiti moja moja. Vidole vilituuma wiki nzima, vile vile vilivyokwisha ungua kwa maji ya korosho.

Wenzangu, kabla hujatoa hela uliza: jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani?

—

Mwenye uzi

Pole sana mama. Naomba niongezee hapa kwa sababu linawapata wengi. Majina yanayoishia na .tz yana rejesta yake, yaani daftari kuu la majina hayo, ila mteja anasajili kupitia wakala. Wakati wa kusajili kuna sehemu ya mwenye jina. Hapo paandikwe biashara yako au kikundi chako, na barua pepe yako ya kila siku, siyo ile itakayokaa kwenye hiyo hiyo tovuti, maana vikifa vinakufa pamoja. Fundi anaweza kuwekwa kama msimamizi wa ufundi, hilo halina shida. Halafu hela ziko za aina tatu: ya kutengeneza unalipa mara moja, ya jina kila mwaka, ya seva, yaani kompyuta inakokaa tovuti yako, kila mwezi au kila mwaka. Fundi anayekupa bei moja asikwambie mwakani kutakuwaje, muulize.

—

Fundi wa Lindi

Langu ni la "ongeza kidogo". Shule moja ya sekondari, jina la tovuti linaishia na .sc.tz kama shule zinavyotumia, tukakubaliana kurasa sita. Wakaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la kamati, wajumbe 14. Mkuu wa shule anataka kijani. Mhasibu anasema bluu, ndiyo sare. Mjumbe wa wazazi anataka picha yake mbele. Taaluma wanataka matokeo yote ya miaka kumi. Kila mmoja akija na neno "dogo tu hilo". Nilirekebisha ukurasa wa mwanzo mara 11, na kila marekebisho yalikuwa yanafuta ya mwenzake.

Siku hizi siingii kundi. Naomba mtu mmoja, aliyepewa mamlaka kwa maandishi, wengine wamalizane naye huko huko. Na kwenye mkataba naandika marekebisho mara mbili, kuanzia mara ya tatu yanalipiwa. Mwanzoni niliona aibu kuandika hivyo, hasa kwa watu wazima walionifundisha. Lakini tangu niandike, hata wao wanafurahi, kwa sababu wanajua mwisho uko wapi.

—

Nachingwea Yetu

Nimefuatilia. Kwa hiyo bei ni shilingi ngapi?

—

Mwenye uzi

Mkuu, duka lenye ukurasa mmoja na kampuni inayouza mtandaoni na kupokea malipo haviwezi kuwa bei moja. Nitumie ujumbe unieleze biashara yako, nitakupa hesabu iliyochanganuliwa.

—

Mwenyeji wa Kilwa

Mimi nina vyumba vinne Kilwa Masoko. Fundi wangu hakuwahi kufika Kilwa, tulimalizana kwa simu. Tovuti ilipofunguliwa nikaona mlango mkubwa wa mbao wenye nakshi na misumari ya shaba, na mchanga mweupe mpaka unaumiza macho. Picha zimetoka Zanzibar! Niliacha, nikasema si inapendeza.

Akaja mgeni, Mjerumani, mzee, mtu mpole. Kaweka mkoba chini, akatoa simu akanionyesha ile picha, akaniuliza mlango huu uko upande gani. Nilikosa jibu. Mtu kasafiri kutoka kwao kuja kuona Kilwa Kisiwani, magofu yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, mimi namwonyesha mlango wa kisiwa kingine! Jioni ile ile nilimpigia fundi aitoe. Kijana wangu alivuka na mashua asubuhi akapiga picha msikiti mkuu kwa simu ya kawaida, jua likiwa bado chini. Ndizo zilizopo mpaka leo.

—

Mwalimu wa Tandahimba

Mafundi nawaomba jambo moja, jaribuni tovuti zenu kwenye simu zetu na mtandao wetu. Kuna ya taasisi moja huku, ukurasa wa mwanzo una picha kumi. Nikazipakua moja moja kuangalia: kila moja karibu MB 6. Hapo bando la siku limekwisha na simu ya ofisi sijaiona bado.

—

Fundi wa Lindi

Mwalimu umesema kweli, na kosa ni letu. Picha ikitoka kwenye simu ina upana wa pikseli 4,000, kioo cha simu hakihitaji hata nusu yake. Mimi nazishusha mpaka 1,200, kila moja isizidi KB 200. Jicho halioni tofauti, bando linaiona.

—

Mtandao wa Ligula

Kisa cha haraka. Mei 12, 2024, Jumapili, mteja ananipigia kwa hasira: "Umenizimia tovuti kwa sababu bado unanidai mwezi mmoja!" Kweli alikuwa na deni langu. Lakini siku ile nyaya za intaneti zinazopita baharini, za EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika, na seva yake iko Ulaya. Nilimweleza, hakuamini mpaka alipoona na wengine wanalalamika. Sijawahi kumzimia mteja tovuti. Iliniuma kwamba aliwaza hivyo mara moja, na nilijiuliza ni mafundi wangapi walimfanyia hivyo kabla yangu. Tangu siku ile kila mteja wangu ana nywila zake zote kwenye karatasi, nimempa mkononi.

—

Mwenye uzi

Jamani nimejifunza mengi, na la nywila kwenye karatasi nimelichukua.

Kijana wa Chikongola amerudi leo mchana. Kaja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la madeni, maswali 17 kwa kalamu nyekundu. La kwanza: "Waya wa 2.5 mnauza kwa mita au mpaka roli zima?" La pili: "Mkiniuzia taa ikiungua nairudisha?" La tisa amelipigia mstari mara mbili: "Mna fundi wa kuja kufunga nyumbani?" Nikamuuliza, mnaye? Akasema yupo, ni mdogo wake, ila hakuna anayejua. Tumeanza na hilo la tisa.