Hesabu ya sikoseli naijua, kusali ndiko nashindwa. Nishaurini wakuu

Mpima Damu:
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa maabara, hospitali ya wilaya, nimelelewa kwenye ulokole. Binti yangu wa miaka 6 ana sikoseli. Alipokuwa na miezi 9 vidole vilimvimba kama vihogo, na damu yake niliiweka mwenyewe kwenye hadubini. Seli zimepinda kama mwezi mwandamo. Nilikaa pale mpaka mwenzangu akaja kuzima taa.

Mimi AS, mke wangu AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya sikoseli bila kuugua. Kabla ya ndoa mchungaji alituuliza mengi, hilo hakuuliza. Na mimi wa maabara sikujiuliza!

Mwezi uliopita nilihesabu vidonge vyake vya haidroksiyurea, dawa yake ya sikoseli ya kila siku. Vilitakiwa vibaki 9, nikakuta 20. Mke wangu akakiri: kwenye maombi ya kufunga waliambiwa kumpa mtoto dawa ni kumwonesha Mungu kwamba humwamini. Tuligombana, dawa imerudi, hilo limekwisha.

Kilichobaki ni mimi. Mtoto akilia miguu usiku, mama yake anapiga magoti, mimi nasimama mlangoni na kikombe cha maji. Niombe nini? Jeni ziligawanywa kabla hajazaliwa. Nikisema "mponye", naona namdanganya Mungu. Nikinyamaza, nimemwacha mke wangu peke yake. Aliyepitia haya anisaidie.

Kobe Mzee:
Achana na dini mkuu. Sayansi inatosha.

Mpima Damu:
Sayansi ndiyo inanilisha mkuu. Ila saa nane usiku haina la kumwambia mtoto.

Ustadhi Mstaafu:
Pole ndugu yangu. Kwetu kuna hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume: ngamia wangu nimfunge nitawakali, au nimwache huru nitawakali? Akajibiwa, mfunge, kisha tawakali. Wewe kufunga umefunga vizuri sana. Kilichokushinda ni hicho cha pili.

Sista wa Kliniki:
Kaka, shemeji usimkaripie, mweleze. Ile dawa inaongeza himoglobini ya kichanga, ambayo haizifanyi seli zipinde. Faida yake inajengeka kwa miezi, kwa hiyo akiruka siku anabomoa alichojenga, hata kama leo mtoto anacheza. Tarehe za kupima damu msikose. Maji mengi, asipigwe baridi. Na homa ikifika nyuzi 38, msisubiri ibada iishe, njooni. Nimeshapokea walioisubiri.

Mwalimu wa Baiolojia:
Hiyo robo inayokutesa, AS kwa AS, kila mimba uwezekano 1 kati ya 4 kupata SS, yaani jeni zote mbili na ugonjwa wenyewe, unajua kanuni yake ilitoka wapi? Kwenye bustani ya monasteri, mjini Brno. Gregor Mendel, mtawa wa Waagostino, alihesabu njegere kwa miaka na kuchapisha kazi yake 1866. Aliyekufundisha kuhesabu alikuwa mtu wa sala. Halafu 1954 Anthony Allison akaonesha, kwa utafiti wa huku huku Afrika Mashariki, kwamba mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria kali. Huenda hiyo jeni ndiyo iliyomvusha babu yako mpaka ukazaliwa.

Kobe Mzee:
Mwalimu, mtoto analia miguu, wewe unaleta njegere.

Mwalimu wa Baiolojia:
Hapo umenipata.

Mama Wawili:
Baba, mwanangu ana SS, sasa ana miaka 24. Mimi kuomba damu yake ibadilike niliacha alipokuwa na miaka kama kumi, na kanisani sikumwambia mtu. Naomba dawa isikatike dukani. Naomba nisimfokee nikichoka, maana nimewahi kumfokea yuko kwenye maumivu, na mpaka leo linaniuma. Siku nyingine siombi chochote, nampaka mafuta ya nazi magotini taratibu mpaka apitiwe na usingizi. Nayo naihesabu sala. Mkeo akipiga magoti, weka kikombe chini ukae naye. Kuongea si lazima.

Mpima Damu:
Mama, shikamoo, na asante. Juzi alianza kulia saa saba. Nikampa dawa ya maumivu, nikakaa sakafuni na mama yake. Aliposema "mponye" sikuitikia. Aliposema "Bwana, mpe usingizi", amina ilinitoka kabla sijafikiri. Alilala saa tisa na nusu. Asubuhi nilipotoka kuoga nikakuta mama yake ameshampa kidonge.